Uzi: Bustani ya mboga Minnesota inaanza sasa hivi, theluji ikiwa bado chini

#1 MtuWaMatuta, 8 Machi

Wakuu, habari za majukumu.

Nashusha uzi huu leo kwa makusudi, wakati nje ya mlango wangu hapa Minneapolis theluji bado inanifika kwenye kifundo cha mguu. Kila mwaka ikifika Juni napokea ujumbe ule ule: "Kaka, nina kieneo nyuma ya nyumba, nataka nyanya, sukuma na mchicha, nianzeje?" Nasikitika sana, kwa sababu Juni nyanya zangu zinatoa maua. Anayeuliza Juni atanunua miche ya dukani iliyobaki, atahangaika nayo, na mwezi wa kumi sakitu itamkuta na nyanya za kijani zisizoiva.

Kwa ambaye hajakutana nayo, sakitu ni unyevu wa hewani unaoganda usiku juu ya mimea. Asubuhi unakuta majani meupe kama yamemwagiwa chumvi. Jua likipanda yanakuwa meusi na kulegea kama mboga iliyochemshwa, na hapo hakuna dawa. Hapa kwetu sakitu ya mwisho huwa mwanzoni hadi katikati ya Mei, na ya kwanza hurudi Oktoba. Yaani una miezi kama mitano tu. Mpilipili kutoka mbegu hadi pilipili nyekundu unaimaliza yote, na ngogwe vilevile. Ndiyo maana sehemu ya safari lazima ifanyike ndani ya nyumba, sasa hivi.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na hilo nililifanya mwenyewe. Mwaka juzi tarehe 27 Aprili joto lilifika nyuzi 24, majirani wamevaa kaptula, nikaona machipuko yamefika. Nikatoa nje miche 36 ya nyanya niliyoilea wiki saba. Usiku wa sita baridi ikashuka chini ya sifuri. Mke wangu alitoka saa tano usiku na mashuka yetu ya kitanda tukafunika tulivyoweza, ikapona minne. Tangu siku hiyo nimejifunza kuyatenga mambo mawili: mboga zinazovumilia baridi zinawahi nje, mboga za joto zinawahi ndani.

Zinazovumilia ni sukuma, kabichi, njegere, spinachi, figili, karoti, saladi, vitunguu. Hizi sakitu nyepesi haiziui, na sukuma ndiyo kwanza inakuwa tamu zaidi ikipigwa na baridi. Mbegu za njegere na spinachi zinaota kwenye udongo wa nyuzi 5 tu za Selsiasi. Mimi napima kwa kipimajoto cha nyama, kile cha jikoni. Nakichomeka sentimita 10 ardhini asubuhi kabla jua halijapasha, siku tatu mfululizo. Ikisoma 5 na kuendelea, njegere zinaingia ardhini hata kama kwenye kivuli cha uzio bado kuna barafu. Kwetu hiyo ni kama katikati ya Aprili.

Za joto ni nyanya, pilipili, ngogwe, bamia, mchicha, maharage, maboga, matembele. Hizo hata bila sakitu, usiku wa nyuzi 7 unazidumaza. Mchicha ukiumwaga kwenye udongo wa baridi mbegu zinakaa tu na nyingine zinaoza. Subiri udongo ufike nyuzi 18, na hapa hiyo ni mwisho wa Mei.

Hapo kwenye spinachi naomba mnielewe. Ile tunayoiita spinachi nyumbani, yenye jani pana na bua nene jeupe, huku inauzwa kwa jina la chadi na ni jamii ya bitiruti. Spinachi ya huku ni fupi, jani dogo, inaipenda baridi kweli kweli, ila siku zikirefuka na joto likipanda inatoa maua na kukuachia mashina matupu. Kwa hiyo hiyo ya huku panda Aprili uile Mei na Juni. Ile yetu inakwenda kiangazi chote.

Na sukuma tafuteni mbegu za koladi, ndivyo Wamarekani wanavyoiita. Aina za Georgia na Vates zimekubali sana kwangu.

Kesho nitaeleza kitalu cha ndani. Maswali ruksa.

#2 BintiMvita, 8 Machi

Kaka, shukrani. Mimi niko St. Paul, ghorofa ya tatu, sina kiwanja. Nina roshani inayotazama kusini, jua lapiga kuanzia saa nne mpaka jioni. Yafaa ama nisijisumbue?

#3 MtuWaMatuta, 8 Machi

Yafaa sana dada. Kusini ndiyo yenyewe, mboga za majani zinaridhika na saa nne tano za jua na nyanya inataka sita kwenda juu. Chukua ndoo za lita 20, toboa matundu manne matano chini, jaza udongo wa vyungu unaouzwa kwenye mifuko. Usichote udongo wa ardhini, ndani ya ndoo unashikana kama tofali na mizizi inakosa hewa. Nyanya chagua aina fupi zinazojifunga kichaka. Ndoo moja, mche mmoja. Kiangazi utamwagilia kila siku, ndoo inakauka haraka kuliko tuta. Na muulize mwenye nyumba kwanza kuhusu uzito kwenye roshani, ndoo yenye udongo uliolowa si nyepesi.

#4 KakaWaMakete, 9 Machi

Naunga mkono hoja. Nimecheka kwa furaha kuona neno sakitu linatumika Marekani. Sisi huku Makete inatupiga mwezi wa sita na wa saba, viazi mviringo vinaungua shamba zima usiku mmoja. Mama yangu alikuwa anamwagilia kitalu mchana akiona anga imekuwa nyeupe bila wingu na upepo umekufa, halafu jioni anatandaza nyasi kavu juu ya vichanja. Mbingu ikiwa na mawingu halali na wasiwasi. Je, dalili hizo kwenu zinafanya kazi?

#5 MtuWaMatuta, 9 Machi

Mkuu, mama yako ni mwalimu. Dalili ni zile zile. Usiku wa wingu joto la ardhi linazuiwa lisipae, usiku mweupe na mtulivu linaondoka lote. Na udongo uliolowa unabeba joto la mchana kuliko mkavu, kwa hiyo kumwagilia mapema ni akili kubwa. Huku tunatumia shuka, au kitambaa chepesi cheupe cha bustani kinachopitisha mwanga na maji. Nailoni isiguse majani, panapoguswa panaungua. Kitambaa kishuke mpaka chini kote na ukandamize kingo kwa mawe, maana joto unalolitafuta linatoka ardhini. Ukimfunika mche kichwani tu kama kofia hujamsaidia.

#6 MtuWaMatuta, 9 Machi

Haya, kitalu cha ndani.

Kalenda yangu ni hii, kwa Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul. Aliyeko kusini zaidi aiwahishe, aliyeko Duluth huko kaskazini aicheleweshe. Pilipili na ngogwe nasia wiki hii hii, maana ni wavivu kuota na wavivu kukua. Sukuma na kabichi katikati ya Machi. Nyanya mwisho wa Machi, na hapo naomba mnisikilize: usizianzishe Februari kwa shauku. Nyanya ya wiki sita hadi nane yenye shina nene inaipita nyanya ya wiki kumi na mbili iliyobanwa kwenye kikopo. Bamia mwisho wa Aprili, loweka mbegu usiku kucha kwanza. Maharage na maboga hayahitaji ndani kabisa, yanakwenda moja kwa moja tutani mwisho wa Mei.

Trei yoyote yenye matundu inafaa, hata vikopo vya mtindi vilivyotobolewa. Udongo wa kuoteshea uwe mpya na mwepesi. Ulowanishe kwanza kwenye beseni: ukiukamata ngumini ushikane, ukiubinya litoke tone moja mawili, si mchirizi. Mbegu ifukie mara mbili ya unene wake tu. Nyanya na pilipili zinataka joto la nyuzi 21 hadi 27 ili ziote. Friji yetu ni ya zamani, juu yake kuna vuguvugu, trei zinakaa hapo zimefunikwa kwa nailoni. Nyanya siku sita saba unaona shingo zimejikunja zinainuka. Pilipili zinaweza kukutesa wiki mbili na zaidi.

Zikichomoza tu, siku hiyo hiyo zitoke juu ya friji ziende kwenye taa. Dirisha la Machi halitoshi, hata la kusini. Mimi nina taa mbili za LED za futi nne, zile nyeupe za gereji, nimezining'iniza kwa minyororo juu ya meza. Taa ikae sentimita 5 hadi 10 juu ya majani na ipande kadiri miche inavyopanda. Saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izimwe, miche nayo inahitaji giza. Hili la taa ndilo limebadilisha bustani yangu kuliko mbolea yoyote niliyowahi kununua.

Majani mawili ya kwanza si majani halisi. Yakija ya pili, yenye meno na ile harufu ya nyanya ukiyagusa, ndipo unahamishia kila mche kwenye kikopo chake. Shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, shina likibonyea mche umekwisha. Nyanya ifukie shina mpaka karibu na majani, sehemu yote iliyofukiwa itatoa mizizi. Pilipili mimi siifukii hivyo, naiacha kwenye kina chake.

#7 Lengalenga, 10 Machi

Jambo sana wandugu. Mie niko Des Moines, Iowa, nimetoka Uvira. Jina langu ni hiyo mchicha wenu, sisi twaiita lengalenga. Huku kuna mpango wa Global Greens unaosaidia wakimbizi kupata mashamba, wa mama wetu wengi wanalima mule.

Naongeza mbili. Matembele: nunua kiazi kitamu dukani sasa, ikiwezekana cha ogani maana vingine vinawekewa dawa ya kuzuia kuchipua. Kisimike nusu kwenye udongo uliolowa au kwenye glasi ya maji, mahali pa joto. Mwisho wa mwezi wa ine kitakuwa na machipukizi. Yachomoe, yatie kwenye maji yatoe mizizi, uyapeleke shamba mwezi wa tano mwishoni. Mwezi wa saba utakula matembele mpaka ugawie majirani.

Ya pili, msibebe mbegu kwenye sanduku toka nyumbani bila karatasi. Marekani inataka cheti cha afya ya mimea au kibali cha mbegu kidogo. Uwanja wa ndege watazitwaa. Mbegu ya lengalenga inauzwa huku huku, tafuta kwa jina la amaranti ya mboga.

#8 Shangazi_wa_Thika, 10 Machi

Asante sana kwa hii thread. Mimi nilibahatika kutumiwa mbegu zenye cheti, kuna mbaazi na vitunguu Red Creole. Nianze nazo sasa?

#9 MtuWaMatuta, 10 Machi

Shangazi, shikamoo. Hapa nakuomba usipoteze trei zako. Hizo zinapima urefu wa mchana. Red Creole ni kitunguu kinacholimwa kwetu karibu na ikweta, kinaanza kuvimba mchana ukifikia urefu wa kama saa 12. Huku urefu wa mchana unafika saa 12 katikati ya Machi, na Juni unapita saa 15. Kitaanza kuvimba kikiwa bado na majani mawili matatu, utavuna vitunguu vya ukubwa wa gololi. Nunua mbegu za vitunguu vya mchana mrefu, zinauzwa kila mahali kwenye majimbo ya kaskazini.

Mbaazi ni kinyume chake, aina nyingi zinasubiri mchana ufupike ndipo zitoe maua. Kwetu huku unafupika Septemba, na Oktoba sakitu hii hapa. Utapata kichaka kizuri chenye majani na hutaona ganda. Rosela nayo imenifanyia hivyo hivyo miaka miwili. Natamani sana mbaazi za nazi kutoka tuta langu mwenyewe, ila kwa hizi mbegu haiwezekani.

#10 BintiMvita, 2 Aprili

Kaka, msiba. Nilisia sukuma na nyanya. Nyanya zimeota vizuri, asubuhi ya leo nakuta kumi zimelala, shina limekuwa jembamba jeusi pale linapogusa udongo, kama limefungwa uzi. Zilizobaki ni ndefu, zimepauka, zimelalia dirishani. Nimekosea wapi?

#11 MtuWaMatuta, 2 Aprili

Pole sana dada. Hizo zilizolala ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kitaluni. Zitoe pamoja na udongo wake, hazifufuki. Unakuja pale udongo ukilowa muda wote na hewa haitembei. Ondoa kifuniko cha nailoni mara mbegu zikichomoza. Mwagilia kwa chini: weka trei kwenye sinia lenye maji, ukiona juu pamebadilika rangi, itoe na maji yaliyobaki umwage. Usirudie mpaka juu pakauke. Feni ndogo ikipuliza kwa mbali inasaidia mara mbili, inakausha uso wa udongo na kuwatingisha miche mashina yanenepe. Huna feni, wapitishie kiganja juu mara chache kila siku, taratibu kama unampapasa mtoto kichwani.

Hizo ndefu ni njaa ya mwanga. Tafuta taa leo. Za nyanya zitapona kwa sababu utazifukia shina. Na usikate tamaa, 2 Aprili bado uko ndani ya muda, sia nyingine leo.

#12 KakaWaMakete, 3 Aprili

Dada, majivu makavu kidogo juu ya udongo, nyumbani tunatumia. Halafu usisie nyingi zikabanana.

#13 Shangazi_wa_Thika, 4 Aprili

Mimi taa sina na sitanunua mwaka huu, lakini jirani yangu hapa Rochester alinionyesha kitu. Anachukua zile galoni za plastiki za maziwa, anatoboa matundu chini, anazikata katikati karibu kuzunguka lakini anaacha sehemu ndogo chini ya mkono ifunguke kama mlango. Anatia udongo inchi nne, anapanda sukuma na kabichi, anafunga na tepu, anatoa kifuniko cha juu mvua na theluji ziingie, halafu anaziacha nje tu kwa baridi tangu Februari! Leo nimechungulia, sukuma ziko kijani ndani, nje kuna barafu. Mashina mafupi manene. Nimefunga zangu sita jioni hii.

#14 MtuWaMatuta, 4 Aprili

Shangazi, hiyo ni kweli na ninaipenda, kwa mboga za baridi tu. Mbegu zenyewe zinachagua siku ya kuota na miche inazaliwa imeshazoea. Siku za jua kali Aprili fungua huo mlango, ndani panaweza kupika miche.

Kabla watu hawajaanza kuchimba, jambo ambalo siwezi kuliacha. Kama nyumba yako ilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani, udongo wa karibu na kuta unaweza kuwa na risasi iliyobanduka na rangi ya zamani. Watoto wanacheza hapo na wanakula mboga za hapo. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota inapima, unapeleka sampuli kwenye mfuko. Nyumba yangu ni ya zamani. Nilipima, upande wa ukuta wa kaskazini sikuupenda, nikahamishia bustani yote nyuma kabisa, kwenye masanduku ya mbao yenye kina cha sentimita 30 niliyojaza udongo na mboji ya kununua. Masanduku hayo yana faida nyingine, yanapata joto wiki moja na zaidi kabla ya ardhi tambarare.

#15 MtuWaMatuta, 6 Mei

Njegere zina kimo cha kiganja, spinachi tumeanza kuchuma majani ya nje, sukuma ziko nje tangu 24 Aprili na zimepigwa sakitu mbili bila kutetereka.

Nyanya na pilipili ziko kwenye mazoezi. Msiruke hatua hii, miche ya ndani haijawahi kuona jua wala upepo. Siku ya kwanza saa moja kivulini. Ya pili saa mbili. Ya tatu kajua ka asubuhi. Unaongeza hivyo siku saba hadi kumi, na usiku wanarudi ndani. Ukiwatoa juani moja kwa moja majani yanababuka, yanakuwa na mabaka meupe kama karatasi.

Jana na juzi mchana ulikuwa nyuzi 25 na jirani ananiuliza nasubiri nini. Nasubiri usiku ukae juu ya nyuzi 10 mfululizo.

#16 Lengalenga, 6 Mei

Usimusikie jirani. Hapa Iowa usiku wa jana tumefunika.

#17 BintiMvita, 23 Mei

Kaka na shangazi zangu, nyanya saba zimeingia ndooni leo, za awamu ya pili, mashina yamenenepa kama penseli. Zile ndefu nilizofukia shina, nilipoitoa moja kikopo nikaona mizizi myeupe imetoka shina zima vile ulivyosema. Mchicha nimemwaga kwenye sanduku la mbao. Na sukuma za galoni alizonifundisha shangazi nimeshachuma mara moja, majani manane, nikazikaanga kwa kitunguu na tui kidogo, tukazila kwa ugali. Mwanangu wa miaka sita auliza kama roshani ya jirani nayo yaweza kuota sukuma.

Swali: sungura hapandi ghorofa ya tatu, najua, lakini rafiki yangu wa chini analia, wamemaliza njegere usiku mmoja.

#18 MtuWaMatuta, 23 Mei

Hongera sana dada, umenifurahisha siku nzima. Mwambie rafiki yako atafute waya wa kuku wenye matundu madogo ya inchi moja, kimo sentimita 60 juu ya ardhi, na sentimita 15 za chini azikunje kuelekea nje na kuzifukia, sungura akianza kuchimba pembeni anakutana na waya. Afanye leo kabla ya giza. Njegere zilizobakiwa na kifundo kimoja juu ya ardhi zitachipua tena.